Saa Arobaini za Kufundishwa Kujaza Debe

Kijiji cha Ujamaa Juhudi,
Mashewa,
Korogwe.
14 Novemba, 1977

Katibu,
Baraza la Leseni za Watunza Hesabu,
Tanga.

Ndugu Katibu,

YAH: KUKATAA KURUDIA MAFUNZO YA KUJIENDELEZA

Pokea salamu zangu, nikiamini zitakukuta mzima, umekaa katika kiti chenye mgongo. Kiti nakitaja makusudi, na sababu utaiona hapo chini.

Mimi ni Mwinjuma Athuman, mtunza hesabu wa kijiji hiki, mwenye leseni yenu ya daraja la pili, ile ya karatasi ya buluu ambayo muhuri wake mliupiga kando. Nina umri wa miaka hamsini na saba. Vitabu nilianza kuvishika mwaka 1941 pale Korogwe, dukani kwa Manubhai, kwa kalamu ya kuchovya. Manubhai hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha mambo mawili tu: andika siku hiyo hiyo, na usifute. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, tia saini yako, ili atakayekuja aweze kusoma ulivyokosea na ulivyosahihisha. Aliyekutwa na raba mfukoni dukani kwa Manubhai alirudi kwao siku hiyo hiyo. Hayo nilijifunza kwa asubuhi moja, nimesimama, bila mgeni rasmi.

Sasa ninyi mmeleta Waraka. Mnasema leseni haihuishwi tena kwa ada na picha mbili kama zamani. Kila mtunza hesabu lazima akae saa arobaini kila mwaka katika mafunzo ya kujiendeleza, kisha afanye mtihani, kisha afaulu. Nimekwenda. Nimekaa. Nimefanya. Na juzi nimepata barua yenu kwamba nirudie mwezi Januari, la sivyo leseni yangu inafutwa na kijiji kitafutiwe mtu mwingine. Yaani miaka thelathini na sita ya kalamu inakwisha hivi hivi, kwa sababu ya juma moja la Handeni! Yamenifika shingoni, Ndugu Katibu, ndiyo maana naandika. Malalamiko yangu nimeyapa namba kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, ingawa barua yenu inasema sina.

1. Saa zenyewe. Mmesema arobaini, nami nimezihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi mliyonipa leseni. Tulikaa katika chumba cha darasa la pili la shule ya msingi, juu ya madawati ya watoto wa darasa la pili. Watu wazima ishirini na wawili, magoti yamefika masikioni. Jumatatu tulimngoja mgeni rasmi kwa muda wa saa tano. Alipofika alihutubia saa mbili juu ya umuhimu wa kutunza muda. Kujitambulisha, kila mtu na jina lake na kijiji chake na shukrani zake, saa tatu. Kumtafuta mwenye ufunguo wa darasa, ambaye alikwenda nao shambani mara mbili, saa tatu. Kutia saini daftari la mahudhurio asubuhi, mchana na jioni, saa nne kwa juma zima. Chai, saa tano. Kujadili kama posho itakuwepo, saa sita, na haikuwepo. Kumngoja mpiga picha, ambaye alipofika hakuwa na filamu, saa mbili. Jumla saa thelathini. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, na kutoka chini kwenda juu. Zimebaki kumi za masomo, na katika hizo kumi Stefano wa Mkata alilala nne, tena kwa kukoroma, naye amefaulu. Mimi niliyekuwa macho ndiye wa kurudia.

2. Mwalimu. Mlituletea Ndugu Ernesti kutoka Dar es Salaam, kijana wa miaka ishirini na sita, suruali ya bugaluu inafagia sakafu. Sina ugomvi na suruali. Shikamoo alinipa kila asubuhi, tena kwa kuinama, sitamsingizia. Lakini kila alipotaka kuniambia nimekosea aliniita mzee wangu. Siku ya tatu nikishaitwa mzee wangu moyo unapiga. Alikuwa na mashine ya kujumlisha, ya betri, akaitukuza mbele yetu kama mtu aliyeoa juzi. Jumanne adhuhuri betri zikafa. Handeni nzima hazikupatikana. Hesabu ya mistari ishirini na moja iliyokuwa ubaoni nikaimaliza mimi kwa kichwa, darasa likapiga makofi, na Ndugu Ernesti akaandika jibu langu ubaoni bila kutaja limetoka kichwani kwa nani.

3. Masomo. Tulifundishwa namna ya kugawa hisa za kampuni pale wenye hisa wanapogombana. Kijiji cha Juhudi hakina hisa, Ndugu Katibu. Kina jembe la kukokotwa na ng'ombe, ghala, mashine ya kusaga ambayo ni mbovu, na kisanduku cha bati ambacho ufunguo wake ninao mimi. Tulifundishwa pia bima ya shehena melini. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa adabu meli hiyo itapita mto gani hadi Mashewa. Wenzangu walicheka. Mwalimu aliniambia mzee wangu, elimu haina mwisho. Hilo nimeliona mwenyewe, maana hata saa ya chai haikuwa na mwisho.

4. Debe. Hapa ndipo mlipotudhalilisha hasa. Alhamisi mchana Ndugu Ernesti alitutoa nje, akaagiza magunia ya mahindi kutoka stoo ya shule, akaleta madebe mawili yenye muhuri wa serikali na fimbo moja iliyonyooka. Basi watu wenye ndevu na wajukuu tukapimishwa mahindi uwanjani kama watoto wanaocheza kibaba-baba, na watoto wenyewe wametuzunguka wanatutazama. Tujaze debe, tupitishe fimbo juu, mahindi yawe sawa na mdomo wa debe, tuhesabu. Halafu tujaze tena, safari hii tusipitishe fimbo, tuache mahindi yasimame na kichwa chake juu, tuhesabu. Jasho linatutoka. Mwisho wa mchezo akatangaza, kama aliyegundua moto, kwamba madebe sita yenye kichwa ni sawa na madebe saba ya fimbo. Loo! Kuna mwanamke gani katika wilaya hizi mbili asiyelijua hilo? Nilicheka hadi nikakaa chini. Katika mtihani likaulizwa swali juu ya jambo hilo, nikaandika kwamba swali la jikoni lipelekwe jikoni. Alama sifuri.

5. Mlango. Ijumaa jioni majina yalibandikwa kwenye mlango wa darasa, upande wa nje, unaoelekea barabara ya sokoni. Mwinjuma Athuman, arobaini na tatu katika mia, arudie. Watu wa Handeni wanaokwenda kununua nyanya walisimama wakasoma. Basi la Jumamosi lilinibeba pamoja na watu watatu waliokuwa wamesoma, na nilipofika Mashewa habari ilikuwa imeshakaa mbele ya nyumba yangu inaningoja. Sasa nikuulize, Ndugu Katibu, huu ni utu? Mtu anaharibiwa jina mbele ya umma kwa tarakimu zilizoandikwa na kalamu ya mtu mmoja. Hakuulizwa. Hakupewa nafasi ya kusema jibu lake lilikuwa na maana gani. Aliyeandika ameshaandika, na waliosoma wameshasoma. Tangu siku ile naogopa hata kukaa barazani. Nikiwakuta watu wanacheka nadhani wananicheka mimi. Nasema wazi kwamba imeniuma, na mwenye roho ya kumfanyia binadamu mwenzake hivyo sijui analalaje.

6. Uwezo wangu. Mnadai sikidhi kiwango. Haya, nawaletea ushahidi wa kiwango changu, na kitabu chenyewe nitakinakili nikiambatishe ili msome.

Mwaka 1974, mwaka wa njaa, serikali ilituletea mahindi ya njano, magunia sitini na matatu. Mimi mwenyewe niliyapokea, nikayapima moja moja, kila gunia madebe sita. Mtunza ghala wakati ule alikuwa Bi Mwatumu, mjane, mtu mzima, kijiji kizima kikimwamini. Yeye hakujua kuandika. Alikuwa anachora mstari mmoja wa mkaa ukutani kwa kila debe alilotoa. Mahindi yalipokwisha nilikwenda na kitabu changu, nikahesabu mistari yote. Mia tatu ishirini na nne. Gawa kwa sita, magunia hamsini na manne. Ghala tupu. Magunia tisa hayapo! Nani aliyeligundua hilo? Ni Ndugu Ernesti na mashine yake ya betri? Ni mimi, Mwinjuma, kwa kalamu na kichwa.

Nililisoma mbele ya mkutano wa kijiji, nimesimama, kwa sauti. Bi Mwatumu alitaka kueleza jambo fulani juu ya upimaji wake, na Mwenyekiti akaelekea kumsikiliza. Nikasema kitabu kimeshasema, na hesabu haibembelezwi. Aliondolewa ghalani siku hiyo. Baada ya mwezi alihama kabisa, maana watoto walikuwa wakimwimbia njiani kuwa ni Bibi Magunia Tisa, na leo yuko Ngombezi anaanika katani. Kijiji kilinisifu sana. Huyo ndiye mtu mnayetaka akae tena kwenye dawati la darasa la pili.

7. Madai yangu. Kama kweli mtu aliyekwisha kujua kazi anapaswa kuthibitisha kila mwaka kwamba bado anaijua, basi tuwe wakweli, sheria iwe moja kwa wote. Ngariba wetu naye akae saa arobaini, na ninyi mtafute wa kujitolea kwa mtihani wake. Mkunga akae, na wanaotaka kuzaliwa wasubiri matokeo. Mchimba makaburi akae. Wateja wake hawana haraka. Nilijaribu sheria hii nyumbani kwangu kwanza. Nilimwambia mke wangu Hamisa kwamba kwa kuwa ameanza kupika makande mwaka 1946 leseni yake nayo imepitwa na wakati. Alinijibu kwamba yuko tayari kwa mafunzo, ila nitangulie mimi kurudia masomo ya kuwa mume, na alama zangu atazibandika mlangoni. Nikaiondoa sheria hiyo nyumbani kwangu, lakini kwingineko naishikilia.

Kwa hiyo nadai, kwa heshima zote, kwanza, nipewe leseni ya maisha, na muhuri wake upigwe katikati. Pili, mtu yeyote aliyefikisha miaka hamsini ahesabiwe kuwa ameelimika, atake asitake. Tatu, wajumbe wote wa Baraza lako waje hapa Juhudi wakati wa masika, wakae saa arobaini ghalani kwetu juu ya magunia, niwafundishe mimi. Mtihani utakuwa wa kujumlisha kwa kichwa. Mgeni rasmi hatakuwepo. Majina yenu yatabandikwa kwenye mlango wa ghala, upande wa nje.

Nisipopata jibu la kuridhisha mwisho wa mwezi huu nitaandika kwa wakubwa wenu, na wakubwa wao, mpaka nifike kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Handeni.

Nisalimie wote ofisini hapo: mhazini, tarishi, na yule mpiga chapa aliyeliandika neno arudie kwa herufi kubwa bila kukosea hata moja. Msalimie mgeni rasmi, kama ameshafika kwake. Msalimie Stefano mkimwona, mwambieni ajifunike vizuri. Na Ndugu Ernesti naye salamu, yeye na suruali yake.

Ni mimi, mjenga taifa mwenzako, ninayedaiwa kukaa shule uzeeni,

Mwinjuma Athuman,
Mtunza Hesabu.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji.
Katibu Kata.
Ndugu Ernesti, asome kwa sauti.

Nyongeza, 20 Novemba.

Ndugu Katibu, barua hii ilikuwa tayari Jumatatu. Ilibaki kukinakili kile kitabu cha ghala cha mwaka 1974, ule ushahidi wa namba 6. Jumanne baada ya adhuhuri nilikaa kibarazani ninakili. Magunia sitini na matatu yameingia. Madebe mia tatu ishirini na nne yametoka. Hamisa alikuwa uani anampimia jirani mahindi ya kukopa. Nikamwona anajaza debe, anaongeza kwa viganja viwili, anaongeza tena, mpaka kichwa kikasimama.

Nikamuuliza Bi Mwatumu alikuwa anapimaje mwaka ule wa njaa. Hamisa alinitazama kama mtu niliyeuliza jua linatokea wapi. Alisema alipima kwa kichwa, angepimaje tena? Kwetu huku nani anampitishia fimbo mwenye njaa? Alisema wanawake wote wanajua. Alisema ndicho alichotaka kukieleza mkutanoni, nikamkatiza. Kisha akasema hata wewe ulikula.

Nilipokea kwa fimbo, kama serikali inavyotaka. Alitoa kwa kichwa, kama watu wanavyotaka. Nami nilihesabu mistari ukutani, sikuuliza kila mstari ulikuwa wa debe la namna gani. Madebe sita yenye kichwa ni saba ya fimbo. Nilichukua kalamu. Mia tatu ishirini na nne, gawa kwa sita, zidisha kwa saba. Mia tatu sabini na nane. Gawa kwa sita ujue ni magunia mangapi. Ni sitini na matatu, Ndugu Katibu. Halikupotea hata kopo. Yale magunia tisa tuliyala wote, na sehemu yake niliila mimi, kisha nikasimama nikamwita mwizi.

Jana nilikwenda Ngombezi. Nilimkuta Bi Mwatumu kwenye kamba za katani, amekonda, mikono imechanika. Nilimweleza yote, hesabu na kila kitu. Hakulia wala hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliendelea kuanika, halafu akaniuliza jambo moja tu: kama nitayasema hayo mkutanoni, nimesimama, mahali pale pale niliposimama mwanzo. Nikasema nitayasema. Akasema basi atakuja kusikiliza.

Barua hii siiandiki upya. Nimepiga mstari mmoja juu ya kila lalamiko, kuanzia namba 1 hadi namba 7, na saini yangu iko pembeni. Lile la mgeni rasmi ni kweli tupu, lakini nalo nimelipiga mstari kwa aibu. Mnaweza kusoma nilivyokosea. Januari nitakwenda Handeni kurudia, dawati lolote. Leseni kaeni nayo kwanza.

Nina ombi moja, na hili msilipige mstari. Mkutano wa kijiji ni Alhamisi, tarehe mosi Desemba, saa nne asubuhi. Naomba mniazime yale madebe mawili yenye muhuri na ile fimbo, na kama inawezekana Ndugu Ernesti aje mwenyewe apime mbele ya watu, na suruali yake hiyo hiyo. Mimi nikipima peke yangu watasema namfichia mtu kosa. Mahindi ya kupimia nitayatoa nyumbani kwangu.

M. A.